Jiniasi wa Kuze

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, ghafla, watu wa Mwembe Tayari wakakimbia na mizigo yao vichwani, nami nikafika studio nimelowa chapachapa. Arnold, mwenye studio, hakunipa hata pole. Amepata kazi kubwa. Kampuni moja ya mabasi ya bara yataka filamu nane zitiwe maneno ya Kiswahili, abiria watazame njiani badala ya kusinzia na kutapika. Zote nane ni za watu wenye akili za kupindukia. "Zinatia moyo," asema Arnold. Zimtie moyo nani? Yule aliyekaa kiti cha nyuma, juu ya tairi?

Kazi yangu ni kuandika maneno. Anayeyasema ni Kenga, kijana wa Kaloleni mwenye sauti ambayo hata makuli wa mabasi waijua. Mimi hakuna anijuaye. Nina miaka hamsini na miwili, Mombasa nimekaa kumi na tisa. Nimenunua daftari hili kwa sababu jioni nilipopanda ngazi za nyumbani nilikuwa na kisa cha kuchekesha na sikuwa na wa kumwambia. Kisa chenyewe nimeshakisahau.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Filamu ya kwanza: msichana wa nchi ya barafu asikiaye ufa ndani ya kengele kabla haijapasuka. Kijiji kizima chamsifu. Hakuna hata mmoja alaye naye.

Jumamosi, 12 Aprili

Neno limenikwama, nikashuka nalo kwa Bi Mejumaa.

Niandike yeye ni nani, maana yeye ndiye kamusi yangu. Bi Mejumaa ndiye mwenye nyumba hii ya mtaa wa Kuze. Yeye akaa chini, mimi juu. Mimi Mbukusu wa Bungoma, Kiswahili changu ni cha darasani. Yeye mama yake na bibi yake wamezaliwa ndani ya kuta hizi. Kazi yake ni kuchora kofia. Achora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha wanawake wa mtaa wanavichukua vitambaa kushona kwa sindano, wiki hata wiki, mpaka kila kimoja kiwe kile kitu ambacho mwanamume wa hapa hukivaa siku ya Idd na kutembea polepole ili aonekane. Akinitaka hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio, nami hushuka. Miaka kumi na moja sasa.

"Bi Mejumaa," nikamwambia, "mtu mwenye akili kuliko wenziwe wote, mkimtafuta mwingine kama yeye hampati, mwamwitaje?"

"Twasema ana kitwa," akanijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Kila mtu ana kichwa, mama."

"La. Wengine wana pa kuvalia kofia tu."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Huwa hacheki utani wake mwenyewe.

Jumanne, 15 Aprili

Kenga amekataa "kitwa", na "kichwa" pia. Asema abiria wa Kisumu watadhani ni supu. Nikampa la kamusi: mtu mwenye kipaji cha ajabu. "Dada Nasi," akasema, "Mzungu wa filamu keshafunga mdomo, mimi bado nipo kwenye kipaji." Mwishowe tumekubaliana: jiniasi. Silabi nne, mdomo wafunga, tumemaliza. Kila mtu wa bara analijua. Hata mimi mwenyewe darasa la saba waliniita hivyo, muhula mmoja tu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilikwenda kanisani, nikarudi. Sheryl, binti yangu, yuko Eldoret na watu wa mumewe. Ameniletea picha ya meza yao kwenye simu. Nimeitazama meza ya watu, nikahesabu sahani. Saa kumi Bi Mejumaa akagonga dari. Alikuwa amenipikia mkate wa sinia. "Si sikukuu yenu leo?" akauliza. "Mbona huko juu kimya kama kumefiwa?" Nilikula vipande vitatu mbele yake, cha nne nikapanda nacho.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua na umeme kukatika. Hakuna kazi, hakuna neno.

Ijumaa, 25 Aprili

Filamu ya nne nimemaliza. Nimegundua jambo: katika kila moja yuko mtu wa kuleta chai. Mwenye akili ameinama juu ya karatasi, mlango wafunguka, mkono waingia na kikombe, mkono watoka. Wakati mwingine hata uso hauonyeshwi. Nimeandika maneno ya filamu nne, na mtu wa chai sijamwandikia hata "karibu". Hana la kusema.

Mimi ndimi yule wa chai. Nimejisikia vibaya siku nzima, na hasira pia, sijui kwa nani.

Jumanne, 29 Aprili

Jana ukuta wa Bi Mejumaa ulivuja nikamsaidia kuhamisha vitambaa, na kwa mara ya kwanza nikakaa nikamtazama anavyochora, mwanzo hadi mwisho. Hana rula. Hana bikari. Ana kipande cha penseli kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Aanzia katikati ya duara, anatoka nje akizunguka, nyota yenye ncha kumi na sita, ndani ya kila ncha vitundu vitatu, kisha maua yanayofungana bila mahali pa mwanzo wala mwisho. Hanong'oni, hahesabu kwa vidole. Amesoma mpaka darasa la tatu.

Leo nimekiomba kile kitambaa nikakaa nacho dirishani. Nikakikunja robo, nikakitazama dhidi ya mwanga. Robo zote nne sawasawa, tundu juu ya tundu. Nikakunja mara ya pili. Sawasawa.

"Wahesabu nini?" akaniuliza. "Hao si kuku."

Wiki tatu nimekaa na vifaa masikioni nikiandika habari za watu kama hawa wa nchi za mbali, na mmoja yuko chini ya kitanda changu, ananigongea dari kwa ufagio! Nimefurahi kama mtoto. Sijui lini nilifurahi hivi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimewaambia watu. Wanawake wa kushona huja Jumamosi kuchukua vitambaa, na sasa wana haraka, Idd imebaki mwezi. Walikuwa wanne, na mkubwa wao ni Bi Barke, mke wa muuza vitambaa wa uchochoro wa pili, mwanamke ambaye akisikia jambo saa sita, saa saba Kuze yote imeshalijua. Bi Mejumaa alikuwa jikoni. Nikashuka nikakaa nao, na mambo yakanitoka.

"Nyinyi mwajua mwakaa na nani?" nikawaambia. "Bi Mejumaa ni jiniasi. Haya anayochora hayatoki kwa binadamu wa kawaida!"

Bi Barke akaweka kikombe chini.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

"Tangu utotoni, nadhani. Watu wa namna hii huzaliwa hivyo."

"Na yeye mwenyewe ajua?"

"Hajui! Ndivyo walivyo."

"Na hasumbuki?"

"Husumbuka sana. Hawalali, husema peke yao, wengine hutupa vitu. Nimeona watano."

"Watano!" akasema Bi Barke, akajifunga buibui.

Waliondoka wamenyenyekea, nikajua maneno yamewagusa. Kwa haraka yao wamesahau vitambaa vyote pale mkekani.

Jumatatu, 5 Mei

Ufagio haukugonga leo.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia sabalkheri mlangoni. Kimya. Nikasikia anatembea ndani, kwa hiyo yu mzima.

Alhamisi, 8 Mei

Kofia sita zimerudishwa, zimefungwa kwa gazeti, zimewekwa kizingitini. Mvua ikazilowesha kabla hazijaonwa.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa mwanamume mmoja amesimama uchochoroni akavua kofia yake, akampa mtoto ailete mlangoni. Yeye hakukaribia. Aliondoka kichwa wazi mvuani, mzee mzima.

Jumamosi, 10 Mei

Wanawake hawakuja. Tangu Jumatatu aliyeniita jina ni Arnold tu, kuniambia nimechelewa.

Jumatatu, 12 Mei

Nimejua. Sina uso.

Nilimwambia Kenga kwamba watu wanarudisha kofia za mwenye nyumba wangu na sielewi kwa nini. Kenga mkewe ni wa Kuze, naye alikuwa ameshasikia mtaani: kuna mama mchora kofia, ana jini, jini lenyewe asi, aliyeasi, hasikii dua wala kisomo, ndiye amchoreaye. Nani atasujudu na kofia ya jini asi?

"Nani kasema uongo huo?" nikauliza.

"Wasema ni mpangaji wake. Mtu wa bara." Akaniangalia. "Dada Nasi. Uliwaambia nini hasa?"

Nikamwambia. Akalirudia neno kwa ile sauti yake ya filamu, akilikata katikati. Jini. Asi. Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Mimi, mtu wa maneno! Miaka kumi na tisa nakula kwa kujua neno gani lafaa kinywa gani, na neno la kuwafaa abiria wa mabasi nimelichukua nikalitua Kuze, kwenye baraza la wanawake wasiokaa na Kizungu. Nimetembea kutoka Mwembe Tayari mpaka nyumbani kwa miguu. Nilitaka ninyeshewe.

Jumatano, 14 Mei

Nimesimama mlangoni kwa Bi Mejumaa mpaka akafungua. Alikuwa amekaa katikati ya kofia zilizorudi, nimehesabu thelathini nikaacha.

"Bi Mejumaa, lile neno ni la Kizungu," nikaanza. "Maana yake mtu mwenye akili za ajabu. Wallahi nilikuwa nakusifu."

"Usiape kwa apo lisilo lako. Najua. Mke wa Kenga wako kanijia jana, kanieleza."

Nikashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Sasa mbona wanikasirikia?"

"Wewe ulisema hayatoki kwa binadamu wa kawaida. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kiswahili."

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye sanduku kubwa la mbao lililo nyuma ya kitanda, akalifungua. Limejaa vitambaa. Akaanza kuvitoa kwa mikono miwili, akinirushia miguuni. Nyota zilizopinda. Duara zisizofunga. Maua yaliyokosa mahali yakabanana pembeni. Mamia, wallahi, nami naapa tena hapa ambapo hanioni.

"Hii nina miaka kumi na saba," akasema. "Hii ni mwaka aliokufa mume wangu. Hizi zote ni nyota moja, miaka miwili yanishinda. Hii ya juzi, alama za penseli hazijafutika! Miaka arobaini na sita naharibu vitambaa, Nasipwondi." Hajawahi kuniita kwa jina zima. "Nawe kwa kikombe kimoja cha chai umechukua kazi yangu yote ukampa mwingine. Awe jini, awe huyo jiniasi wako, mimi sioni tofauti. Wote wawili si mimi."

Machozi yalinitoka na yeye hakuyajali.

"Masika yakiisha utafute chumba," akasema. "Mwezi huu mvua, sitamtoa mtu mvuani."

Nikiondoka hapa hakuna mtu Mombasa hii atakayejua kama nimeamka. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Idd imebaki wiki tatu, na wanaume wa Kuze wanakwenda kununua kofia za kiwandani, na mwanamke huyu atakufa akiitwa nyumba ya jini kwa ulimi wangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kwa Bi Barke kueleza. "Ni neno la Kizungu," nikamwambia. "Jiniasi."

"Jini wa Kizungu!" akasema. "Hao ndio wabaya. Hata kusomewa hawaelewi."

Nimezunguka nyumba tano. Kila nikieleza, laota mguu mwingine. Ya tano hawakufungua.

Jumanne, 20 Mei

Nimezitoa filamu sita zilizokwisha nikafuta neno lile kila mahali. Mia na kumi na nne. Pote nimeandika: huyu aijua kazi yake. Arnold amefoka kwamba Kenga itabidi arudie kusema upya. Kenga akavaa vifaa masikioni akasema, "Tuanze, dada." Sikumwomba.

Filamu hizi ni za uongo. Zaonyesha mtu ameinama, muziki wapanda, jibu hilo! Sanduku la nyuma ya kitanda haliko katika hata moja.

Jumapili, 25 Mei

Mvua kubwa kuliko zote, uchochoro wageuka mto. Nimeshuka, nikasema nikiwa nje ya mlango, kwa kuwa hakufungua. "Bi Mejumaa, waonyeshe lile sanduku. Jini hakosei hesabu. Wakiona ulivyokosea watajua ni wewe."

Akajibu kutoka ndani: "Nivuliwe nguo mtaani?"

"Mama, watarudisha heshima yako."

"Heshima yangu ndiyo hiyo iliyofungiwa. Mama yangu mzazi amekufa hajaona hata kitambaa kimoja kilichomo. Nenda zako juu."

Nikaenda zangu juu.

Jumatano, 28 Mei

Nimepata chumba Shimanzi, juu ya ghala. Malori yapita kutwa. Nimechukua.

Ijumaa, 30 Mei

Nilikuwa narudi kazini baada ya alasiri. Jua lilikuwa limetoka, mawe yanafuka mvuke. Nikaona watu wamejaa mbele ya nyumba yetu, nikadhani msiba.

Sanduku lilikuwa barazani. Amewaita vijana wawili wakalibeba. Bi Mejumaa amekaa kando yake, buibui jeusi lililopigwa pasi, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Kifuniko kiko wazi.

Kwa muda hakuna aliyegusa. Kisha Bi Barke, maana lazima awe yeye, akanyoosha mkono kama ashikaye kaa la moto, akatoa kitambaa kimoja. Akakigeuza. Amekuwa akishona nakshi za mwanamke huyu miaka ishirini, ajua kila njia ya sindano.

"Hapa umekosea," akasema.

"Ndiyo."

Akatoa kingine. "Na hapa. Mejumaa! Hapa umekosea vibaya."

"Hapo nililia siku mbili."

Wakaingiza mikono wote. Baraza lote likajaa vitambaa vyeupe, kila mtu amepata kosa lake, analionyesha jirani. "Hebu tazama, hii ina ncha kumi na tano!" "Hii yafanana na kaa!" Mwanamke mmoja mzee akasema kwa sauti, "Jini gani huyu, hata kumi na sita hajui?" na uchochoro mzima ukaangua kicheko.

Bi Mejumaa alikuwa ametazama ukutani mbele yake. Shingo ilikuwa imemsimama. Wao wacheka kwa kuwa wamepata nafuu, lakini walikuwa wanacheka makosa yake, mbele yake, naye amekaa anawaacha. Mimi sijaona ushujaa wa namna ile katika filamu zote hizi. Nilitaka nikakae karibu naye, sikuthubutu. Nilipita kando ya ukuta nikapanda.

Jumatatu, 2 Juni

Vitambaa vyote vimechukuliwa kushonwa. Kofia zilizorudi zimefuatwa na wenyewe, wengine wametuma watoto kwa haya. Wanawake wakaa chini kutwa, watatu wataka kufundishwa kuchora. Nasikia sauti yake: "Futa. Tena. Futa." Mimi hajanisemesha. Mvua mbili tu wiki hii, za kupita.

Ijumaa, 6 Juni

Idd.

Asubuhi nimesimama dirishani wanaume wakienda kusali. Kofia zake nazijua sasa. Nilihesabu kumi na moja, kisha macho yakaingia maji nikapoteza hesabu.

Chini kumejaa watu tangu saa tano. Harufu ya biriani imepanda mpaka kitandani kwangu. Nimesikia mtu akiita, "Bi Jini, siki iko wapi?" na yeye akijibu, "Muulize jini," wakafa kwa kucheka. Hata hilo wameligeuza lao. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Nimekaa juu ya sanduku la vyombo vyangu na furaha yangu, mlango nimeuacha wazi kidogo, eti kwa joto.

Nikafungua filamu ya nane, ya mwisho. Mzee wa mji wa baridi aliyejua kukadiria mafuriko kabla ya mtu mwingine yeyote. Dakika nane za mwisho hana maneno, yuko chumbani peke yake.

Saa tisa nikasikia hatua ngazini. Moja, kimya. Moja, kimya. Katika miaka yote kumi na moja Bi Mejumaa hajapanda ngazi hizi, kwa ajili ya magoti. Nikasimama. Akatokea mlangoni akihema, ameshika ukuta.

"Shikamoo, mama. Idd mubarak."

Hakuitikia. Akatazama masanduku, kamba, kitanda kilichovuliwa shuka. Akakaa kitandani hivyo hivyo. Kisha akatazama kompyuta.

"Huyu mzee, watu wake wako wapi?"

"Hana watu. Ana akili nyingi sana, sasa..."

"Sikukuuliza akili." Akatazama tena. "Afa?"

"Afa."

"Nani yuko naye?"

"Hakuna."

"Hata mpangaji?"

"Yeye ndiye mpangaji, mama."

Chini wanawake walikuwa wakimwita, hakuwajibu.

"Na mwenye nyumba?"

"Haonyeshwi."

Akasonya, msonyo mrefu, sijui ni wa nani.

"Haya masanduku yaenda wapi?"

"Shimanzi. Kesho."

"Kesho Idd pili. Idd pili hakuna ahamaye."

"Basi keshokutwa."

"Keshokutwa nina kazi nawe. Wale watatu niwafundishao, kila mmoja aniuliza hili laitwaje, lile laitwaje. Mimi nachora, majina sina. Wataka mtu wa maneno." Akanyoosha kidole. "Ila lile lako moja ulitie kufuli."

Nikauliza kwa sababu nisingeweza kulala bila kuuliza. "Mama, umenisamehe?"

"Bado," akasema.

Lakini hakuinuka. Akavua viatu, akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukafika ukutani, akapakata mikono.

"Irudishe mwanzo," akaniambia. "Nimeingia katikati."

Nikairudisha mwanzo.